Kisanduku cha kutafutia bidhaa katika duka la mtandaoni: modeli ya lugha iwekwe wapi?

Spea_Kigoma (mleta mada)

Ndugu wadau, habari za kazi. Ninasimamia duka la mtandaoni linalouza spea za pikipiki, vifaa vya umeme wa jua na zana ndogo za uvuvi. Stoo yetu iko Kigoma mjini. Wateja wetu wengi wako Kasulu, Kibondo, Uvinza na Buhigwe, wengine huagiza kutoka Tabora na mizigo yao hupelekwa kwa basi au kwa treni, na wachache wako Rumonge nchini Burundi na ng'ambo ya ziwa, Kalemie nchini Kongo. Orodha yetu ina bidhaa zipatazo elfu sita, na tatizo ninalolileta hapa si bei wala usafirishaji, bali ni kisanduku cha kutafutia.

Mfumo tulionao umejengwa juu ya PostgreSQL, programu ya kanzidata, na hulinganisha maneno ya mteja na jina la bidhaa kama lilivyoandikwa kwenye ankara ya msambazaji. Mvuvi wa Kibirizi akiandika "taa ya kuvulia dagaa" anaambiwa hakuna bidhaa iliyopatikana, ilhali taa hizo zimejaa stoo. Ila kwenye mfumo zinaitwa "LED 12V 50W waterproof". Dereva wa bodaboda akiandika "shokap ya nyuma boksa" naye hutoka mikono mitupu, kwa sababu msambazaji aliandika "rear shock absorber BM150". Mteja wa Kalemie huandika "bougie" akitaka plagi na "pneu" akitaka tairi. Tena wapo wanaoandika sentensi nzima, kwa mfano "nataka betri ya kuwasha taa tatu usiku kucha na kuchaji simu", na kwa hao mfumo wetu hauna jibu lolote.

Kampuni moja ya programu imetushauri tuondoe kisanduku hicho na badala yake tuweke msaidizi wa mazungumzo anayeendeshwa na akili unde, ambaye mteja atamuuliza anachotaka na kujibiwa papo hapo. Kabla sijaingia gharama hiyo ningependa kuelewa mambo mawili: modeli hizi za lugha, yaani programu za akili unde zilizofundishwa kwa maandishi mengi, huboresha utafutaji wa bidhaa kwa njia gani hasa, na katika mfumo kama wetu ziwekwe sehemu gani? Zingatieni kwamba wateja wetu wengi hutumia bando dogo kwenye simu za bei nafuu, na kwamba sisi si kampuni kubwa. Tuna seva moja ya kukodi na kijana mmoja anayeitunza. Natanguliza shukrani.

Fundi_Mifumo_Tabora

Ndugu mleta mada, kwanza nikutoe wasiwasi: msaidizi wa mazungumzo ni kitu cha mwisho unachokihitaji, na pengine hutakihitaji kabisa. Dereva wa bodaboda aliyeharibikiwa njiani hataki kupiga soga na mashine. Anataka aandike maneno mawili, aone shokapu tatu zenye picha na bei, achague, alipe. Modeli ya lugha inaweza kumfikisha hapo bila yeye kujua kwamba ipo.

Ili tuelewane, tuanze na kile ambacho mfumo wako unakifanya sasa. Utafutaji wa maneno ni fani ya siku nyingi na si ya kudharau. Mwaka 1972 mtafiti wa Uingereza, Karen Spärck Jones, alionyesha kwamba neno linalopatikana katika nyaraka chache linastahili uzito mkubwa kuliko neno lililotapakaa kila mahali. Dukani kwako neno "pikipiki" halimsaidii mteja kwa kuwa liko kwenye maelfu ya bidhaa, lakini "kabureta" linamfikisha karibu kabisa na anachokitafuta. Juu ya wazo hilo Stephen Robertson na wenzake walijenga kanuni iitwayo BM25 katika mfumo wa Okapi wa Chuo Kikuu cha City, London, katika miaka ya 1990, na hadi leo ndiyo inayopanga matokeo katika Elasticsearch, programu maarufu ya utafutaji, usipoibadilisha. Kanuni za kupanga matokeo zilizomo ndani ya PostgreSQL, kinyume chake, haziangalii kabisa kama neno ni adimu au limejaa katika orodha nzima. Kwa hiyo sehemu ya tatizo lako haihusiani na akili unde hata kidogo.

Lipo pia suala la Kiswahili. PostgreSQL haina kanuni za kukata viambishi vya Kiswahili, na watu wengi huacha mpangilio wa Kiingereza, ambao hukata mikia ya maneno. Nomino zetu hubadilika mbele: kioo na vioo, tairi na matairi. Tumia mpangilio usiokata chochote, kisha ongeza kiendelezi cha pg_trgm, ambacho hulinganisha maneno kwa vipande vya herufi tatu tatu. "Shokap", "shokapu" na "shokapi" zitakutana hapo bila modeli yoyote, na kwa kijana wako hiyo ni kazi ndogo.

Kinachobaki baada ya hapo ndicho ambacho herufi haziwezi kukitatua. "Taa ya kuvulia dagaa" na "LED 12V 50W waterproof" hazishirikiani hata neno moja, na hapa ndipo modeli inapoingia. Modeli za aina hii zinatokana na muundo uitwao transfoma (si ile ya umeme) uliotangazwa na watafiti wa Google mwaka 2017, kisha modeli yao ya BERT ya mwaka 2018, ambayo Google ilianza kuitumia katika utafutaji wake mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 2019 Nils Reimers na Iryna Gurevych wa Darmstadt, Ujerumani, walionyesha namna ya kuifundisha modeli ya jinsi hiyo igeuze sentensi nzima kuwa safu moja ya namba, yaani vekta, ili sentensi zenye maana ya karibu zipate vekta za karibu. Ichukulie kama ramani: Ujiji iko jirani na Kigoma mjini, Kakonko iko mbali, na huhitaji kutazama herufi za majina hayo ili kupima umbali. Kila bidhaa hupewa mahali pake kwenye ramani hiyo mara moja tu, hata usiku wakati duka limetulia. Mteja anapoandika, maneno yake nayo hupewa mahali, na mfumo huchukua bidhaa zilizo jirani.

Chagua modeli iliyofundishwa kwa lugha nyingi, na uhakikishe kwa macho yako kwamba Kiswahili kimo, kwa sababu baadhi ya modeli zinazotangazwa kuwa za lugha nyingi hazina Kiswahili. LaBSE ya Google, iliyotoka mwaka 2020, ina lugha 109 na Kiswahili kimo. Familia ya E5 ya lugha nyingi kutoka Microsoft nayo inacho, na iliyo ndogo kuliko zote katika familia hiyo hutoa vekta ya namba 384 na huendeshwa na seva ya kawaida isiyo na kadi ya michoro. Ukiichukua hiyo, soma maelekezo yake: maneno ya mteja na maelezo ya bidhaa hutanguliwa na alama tofauti kabla ya kugeuzwa kuwa vekta, na anayeiruka hatua hiyo hupata matokeo hafifu kisha akailaumu modeli. Kwa kuwa Kifaransa na Kiswahili hukaa kwenye ramani moja, "pneu" ya mteja wa Kalemie itaangukia jirani na tairi bila wewe kutengeneza kamusi. "Bougie" ina utata kidogo, maana kwa Kifaransa ni mshumaa vilevile, lakini kama huuzi mishumaa, plagi ndizo zitakazokuwa karibu. Kiha hakimo katika modeli hizi. Mteja wa Kasulu akiandika Kiha utategemea maneno uliyoyaingiza mwenyewe.

Usikubali kuuziwa kanzidata maalumu ya vekta. Bidhaa 6,000, mara namba 384, mara baiti 4, ni takriban megabaiti 9 tu. Kiendelezi cha pgvector huzihifadhi ndani ya PostgreSQL hiyo hiyo, na seva inaweza kulinganisha vekta zote, moja baada ya nyingine, kwa kila utafutaji bila mteja kuhisi kuchelewa. Mbinu za kukisia majirani bila kupitia vekta zote, kama ile ya HNSW, zina faida kubwa kwenye orodha za mamilioni, na wewe hujafika huko.

Sasa sikiliza onyo, maana hapa ndipo maduka ya spea huumia. Vekta haizishiki namba sawasawa. Tairi ya 3.00-17 na ya 3.00-18 kwake karibu hazitofautiani, lakini ya kwanza ni ya rimu ya inchi 17 na ya pili ni ya rimu ya inchi 18, na hakuna fundi atakayeivalisha moja mahali pa nyingine. Cheni ya 420 na ya 428 zina nafasi ile ile ya nusu inchi kati ya pini na pini, ila ya kwanza ina upana wa ndani wa robo inchi na ya pili inchi 5/16; vekta haiioni tofauti hiyo, sproketi inaiona. Kwa sababu hiyo usiutupe utafutaji wa maneno. Endesha yote mawili sambamba, kisha uunganishe orodha mbili za matokeo.

Njia nyepesi ya kuunganisha ilipendekezwa na Gordon Cormack na wenzake mwaka 2009. Katika kila orodha bidhaa hupata alama ya moja gawanya kwa jumla ya 60 na nafasi yake, na alama za orodha zote hujumlishwa. Bidhaa iliyo ya kwanza kwenye maneno na ya tatu kwenye vekta hupata 1/61 na 1/63, jumla karibu 0.032, iliyo ya kwanza kwenye orodha moja na haimo kabisa kwenye nyingine hubaki na 0.016 na kushuka chini. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kusawazisha vipimo vya mifumo miwili isiyofanana. Na mteja akiandika namba ya saizi au ya toleo, ifanye kuwa sharti: bidhaa isiyo na namba hiyo isionyeshwe, au iwekwe chini kabisa, ikiwa na kichwa kinachosema wazi kwamba saizi ni nyingine.

Spea_Kigoma

Nashukuru sana, fundi, umenifungua macho. Limebaki jambo moja linalonitatiza. Maelezo ya bidhaa zetu ni huo mstari mmoja wa ankara na hakuna kingine. Vekta ya "LED 12V 50W waterproof" itajuaje habari za dagaa? Na yule anayetaka betri ya taa tatu tumfanyeje?

DadaStoo_Kasulu

Kaka, swali lako la kwanza nalijibu mimi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Natunza stoo ya duka la spea hapa Kasulu. Si mtaalamu wa kompyuta, lakini maelezo ya bidhaa zetu tuliyaandika pamoja, mimi na kijana wa mfumo. Tulitumia modeli kubwa ya lugha, hizi za kuandika na kujibu. Hupewa jina la bidhaa na kuagizwa iandike maswali ambayo mteja angeyaandika akiitaka bidhaa hiyo, kisha maswali hayo huunganishwa na maelezo ambayo mteja hayaoni ila mfumo huyasoma. Kijana aliniambia kwamba wazo hilo lilichapishwa mwaka 2019 na Rodrigo Nogueira na wenzake. Kazi hufanyika mara moja kwa kila bidhaa, si kila mteja anapotafuta, kwa hiyo gharama yake ni ndogo na hakuna anayesubirishwa.

Ila ukiiachia ifanye yenyewe, utacheka. Kwa shokapu ilituletea "kifyonza mshtuko", kwa ekzosi "bomba la kutolea moshi". Ni Kiswahili fasaha, hakina kosa, lakini sijaona dereva wa bodaboda aliyekiandika kwenye simu yake. Saitimira, indiketa, brekishuu, rejeta, gaskiti: maneno ya namna hiyo utayapata kwenye jumbe za WhatsApp za wateja na vinywani mwa mafundi. Sisi tulikusanya jumbe za wateja, tukafuta majina na namba za simu, tukaipa modeli kama mifano ya uandishi, na hapo ndipo ilipoanza kuandika kama watu wanavyoandika, hata na makosa yao ya tahajia, ambayo kwa kazi hii ni mali.

Kwa taa zako, mtu wa stoo aandike mstari mmoja wa matumizi: kwamba wavuvi huifunga kwenye mtumbwi usiku badala ya karabai ili kuwavuta dagaa, na kwamba huwashwa kwa betri ya volti 12. Ukiwa na mstari huo, modeli itaandika maswali mazuri. Usipokuwa nao, itaandika habari za taa za bustani, maana kwenye jina la ankara hakuna kinachoitajia ziwa. Najua bidhaa elfu sita ni nyingi. Anzeni na zile zinazouzika na zile zinazotafutwa bila kupatikana, nyingine zitafuata taratibu.

Jambo la pili nalisema kwa ukali kidogo, mniwie radhi. Msiiruhusu modeli iandike kwamba bidhaa fulani inaingia kwenye pikipiki fulani. Chukua plagi mbili za NGK, D8EA na C7HSA. Herufi ya kwanza ndiyo inayotaja kipenyo cha sehemu yenye uzi: D ni milimita 12, C ni milimita 10. Ukiiuliza modeli plagi hizo zinafaa pikipiki zipi, inaweza kukupa orodha ndefu kwa kujiamini kabisa, na ndani yake mna za kubuni. Mteja wa Kakonko akishalipa nauli ya mzigo kwenda na kurudi kwa plagi isiyoingia kwenye tundu, hataulaumu mfumo. Atakulaumu wewe, na atawaambia wenzake kijiweni. Orodha ya pikipiki zinazofaa itoke kwenye katalogi ya mtengenezaji au kwa fundi anayezifungua kila siku, na iwekwe kwenye safu yake peke yake katika kanzidata, isichanganywe na maneno ya mashine.

Fundi_Mifumo_Tabora

Dada wa Kasulu amelimaliza la kwanza, na ningetamani maduka yote yangekuwa na mtu wa stoo kama yeye. Nijibu la betri.

Huyu wa taa tatu ndiye mteja pekee ambaye kwake ningeitumia modeli kubwa wakati wa utafutaji, tena kwa kazi moja tu: kuligeuza hitaji lake kuwa sifa zinazopimika. Iagizwe itoe kwamba aina ya bidhaa ni betri, taa ni 3, simu ni 1, na muda ni saa 12, basi. Hesabu ifanywe na programu ya kawaida. Taa tatu za wati 5 kwa saa 12 ni wati-saa 180. Simu ongeza 15, jumla 195. Betri ya risasi na asidi haifai kunyonywa zaidi ya nusu yake ikiwa unataka idumu, kwa hiyo anahitaji ya wati-saa 390 au zaidi. Ya volti 12 na Ah (amp-saa) 26 ina 312, haitoshi. Ya Ah 40 ina 480, inatosha. Ukiiacha modeli ipige hesabu hiyo yenyewe, kuna siku itakosea, na ikikosea haitasita wala kuomba radhi. Baada ya hapo mteja aone orodha ya kawaida ya betri zenye Ah 40 na kuendelea, na juu yake mstari mmoja unaosema mfumo umekadiria nini, ili aweze kurekebisha ikiwa taa zake ni za wati 10.

Maneno mafupi yasipite huko kabisa. Weka kanuni kwamba ni sentensi ndefu tu zinazopelekwa kwa modeli kubwa, jibu la kila sentensi lihifadhiwe ili anayerudia asilipiwe mara ya pili, na huduma ikichelewa kupita sekunde moja mfumo uendelee na matokeo ya kawaida bila kumngoja mtu. Kuhusu bando la wateja wako usiwe na hofu: hesabu zote hizi hufanyika kwenye seva, na kinachosafiri kwenda kwenye simu ni maandishi. Kinachokula bando ni picha. Zipunguze ukubwa kabla hujagusa akili unde.

Mwl_Takwimu_Tabora

Nimesoma michango yote kwa makini na naomba niongeze sehemu ambayo haijaguswa, nayo ni namna ya kujua kama mabadiliko haya yameleta nafuu. Ninafundisha takwimu, na nimeona mara nyingi duka likibadilisha mfumo kwa sababu bosi alijaribu maneno matatu anayoyapenda akafurahi.

Chukueni kumbukumbu za utafutaji na mchague maneno ya wateja kutoka mafungu matatu: yanayorudiwa sana, yaliyokosa matokeo, na mengine yaliyochukuliwa bila mpangilio kutoka katika yaliyobaki. Kwa kila moja, chukueni matokeo kumi ya kwanza ya mfumo wa zamani na ya mfumo mpya, myachanganye, na mtu wa stoo ayape daraja bila kujua yametoka wapi. Kuhusu madaraja, hamna haja ya kubuni upya. Mwaka 2022 Amazon ilitoa hadharani hazina ya data ya utafutaji yenye maneno ya wateja yapatayo 130,000 na hukumu zipatazo milioni 2.6, kwa Kiingereza, Kijapani na Kihispania, na ndani yake kila bidhaa imewekwa katika daraja moja kati ya manne: ni bidhaa yenyewe iliyotakiwa, ni mbadala, ni kitu kinachotumika pamoja nayo, au haihusiki. Mteja akiandika "cheni 428", cheni ya 428 ni yenyewe. Cheni ya 428H, yenye sahani nene zaidi, ni mbadala, na sproketi hutumika pamoja nayo. Cheni ya 420 haihusiki, ijapokuwa vekta ingetaka kuiweka ya pili. Daraja hilo la mwisho ndilo litakalowaonyesha kama onyo la fundi wetu limezingatiwa.

Kisha pigeni kipimo kinachojali nafasi, kama kile cha Kalervo Järvelin na Jaana Kekäläinen wa Ufini cha mwaka 2002, ambacho, katika umbo linalotumika sana leo, hugawanya thamani ya kila tokeo kwa logi (ya msingi wa 2) ya nafasi yake ikiongezwa moja, hivi kwamba bidhaa sahihi iliyo nafasi ya tatu huhesabiwa nusu ya ile iliyo nafasi ya kwanza. Kwa simu yenye kioo kidogo kipimo hicho kina maana zaidi, kwa sababu watu wachache hushuka chini kutazama bidhaa ya nane.

Msitegemee mibofyo peke yake, kwa kuwa mteja hubofya kilicho juu hata kama si kizuri. Wapo pia wanaoitumia modeli kubwa kutoa madaraja badala ya mtu. Inaokoa muda, lakini kwanza linganisheni madaraja yake na ya mtu wa stoo, hasa kwenye maneno ya mafundi, maana isipojua gaskiti ni nini itashindwa kuitafuta na itashindwa pia kuihukumu. Wala msichague modeli kwa kutazama tu alama zake katika majaribio yaliyochapishwa. Majaribio ya Mr. TyDi ya mwaka 2021 na MIRACL yaliyofuata yana Kiswahili, na ni kazi nzuri, lakini matini yake ni makala za Wikipedia, ambamo hakuna anayetafuta shokap ya boksa.

Mwisho ni sheria. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na huduma nyingi za modeli kubwa ziko nje. Watu huandika mambo ya ajabu kwenye kisanduku cha kutafutia: namba ya simu, jina la anayepelekewa mzigo, hata mtaa anaoishi. Kabla sentensi haijatoka kwenye seva yenu, programu ifute mfululizo wowote wa tarakimu unaofanana na namba ya simu, na jina la akaunti ya mteja lisiambatanishwe kamwe. Ile modeli ndogo ya vekta inayokaa kwenye seva yenu haina tatizo hilo.

Spea_Kigoma

Mwalimu, dada na fundi, nawashukuru kwa moyo wote. Nimemwambia kijana aanze na pg_trgm wiki hii, nami nimekaa na mtu wa stoo tunaandika mistari ya matumizi ya zana za uvuvi, kwa kuwa msimu unakaribia. Ile kampuni nimeiarifu kwamba msaidizi wa mazungumzo asubiri. Nina swali dogo la mwisho: bidhaa iliyokwisha stoo iondolewe kwenye faharasa, au ibaki?

Fundi_Mifumo_Tabora

Ibaki, ila iwe na alama ya "imekwisha" na ishushwe chini ya zilizopo. Ukiificha, mteja ataamini kwamba huiuzi kabisa, na hatarudi kuiulizia. Kwenye ukurasa wake weka bidhaa ambazo mtu wa stoo amezipa daraja la mbadala, si zile ambazo vekta imezikuta jirani, na weka kitufe cha kuomba taarifa ikiingia tena. Vekta yake usiifute. Mzigo ukifika badilisha idadi tu.